Hedifoni za Mwalimu Wacera

Mwaka wa 1979, Wacera alikuwa akifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi huko Ruring'u, mwendo mfupi kutoka mji wa Nyeri. Alikuwa mwalimu mzuri. Watoto waliokuwa wazito wa kusoma waliletwa kwake, na baada ya muhula mmoja walikuwa wakisoma. Lakini Wacera hakuwa na cheti cha ualimu. Kila Desemba shule zilipofungwa, alirudi nyumbani bila kujua kama Januari angeandikwa tena.

Basi akajiandikisha kusoma akiwa nyumbani. Vitabu vililetwa kwa posta. Masomo yenyewe yalitangazwa redioni, siku nne kwa wiki, saa kumi na moja na robo jioni. Mtihani ungefanywa Novemba.

Mumewe, Mathenge, alioka mikate mjini. Aliingia kazini jioni akatoka alfajiri. Asubuhi alipitia kijijini Tetu kumkamulia mama yake ng'ombe, kisha akarudi nyumbani na kulala kuanzia saa saba mchana hadi saa moja jioni. Nyumba yao ilikuwa ya mbao. Kati ya chumba cha kulala na sebule palikuwa na ukuta mwembamba, ambao hata kikohozi kilipita.

Kwa hiyo somo la Wacera lilianza wakati usingizi wa Mathenge ulikuwa umekolea.

Wacera alimpeleka mtoto wao, Watiri, kwa jirani. Kisha akaweka redio mezani, akapunguza sauti mpaka ikawa kama ya mbu, akalaza sikio juu yake na kuandika. Aliyosikia aliandika. Asiyosikia alibahatisha.

Siku moja mwalimu wa redioni alitoa hesabu kwa Kiingereza. Katika lugha hiyo, kumi na tano na hamsini hutamkwa karibu sawa. Wacera aliandika hamsini. Kumbe ilikuwa kumi na tano. Akafanya kazi nzima kwa hamsini yake, akaitia posta. Baada ya wiki mbili ilirudi ikiwa na wino mwekundu kila mahali. Alipata nne kwa kumi. Chini msahihishaji alikuwa ameandika: "Sikiliza kwa makini."

Maneno hayo yalimuuma. Nani alisikiliza kwa makini kuliko yeye?

Tangu siku hiyo akaongeza sauti kidogo. Mathenge akaanza kugeukageuka kitandani. Siku ya pili aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika kichwa. Siku ya tatu vilevile.

Ijumaa alfajiri alirudi nyumbani moja kwa moja, bila kupitia Tetu, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa kitambaa.

"Umefanya nini, Baba Watiri?" Wacera aliuliza.

"Nilisinzia nikiwa nimesimama. Trei ilitoka kwenye tanuri, nikaishika na mkono mtupu."

Wacera alifungua kitambaa. Ngozi ya kiganja ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge.

"Ni mimi," alisema. "Ni redio yangu ilikunyima usingizi. Nitaacha hayo masomo."

"Ukiacha, mwaka ujao utafundisha wapi? Wewe usiache kusoma, na mimi siwezi kuacha kuoka." Mathenge alifikiri kidogo. "Kuna duka pale mjini wanauza hedifoni. Ni vile vitu vinavaliwa masikioni. Mtu anasikia redio peke yake, na aliye karibu naye hasikii kitu."

"Ati hasikii kitu?"

"Hata kidogo. Niliona kwa macho yangu."

Jumamosi Wacera aliingia katika duka hilo, akasema yeye ni mwalimu na anataka hedifoni za redio yake ya betri. Muuzaji, kijana mmoja aliyeitwa Mutahi, alimletea hedifoni kubwa nyeusi zenye mistari ya kung'aa kama fedha.

"Hizi ndizo baba yao, mwalimu," alisema. "Jaribu."

Akaziunganisha na mashine kubwa ya santuri, akamvalisha Wacera. Muziki ulimjaa kichwani. Gitaa moja lilikuwa kushoto, jingine kulia, na ngoma ilimdunda mpaka kifuani. Hakuwa amewahi kusikia kitu kama hicho. Hakuuliza swali hata moja. Alitoa pesa walizokuwa wamewekea godoro jipya, akapewa risiti, akaenda zake akitabasamu.

Jumatatu jioni aligundua kwamba pini ya hedifoni ilikuwa nene kuliko tundu la redio. Haikuingia. Alikosa somo la siku hiyo. Kesho yake alirudi dukani, na Mutahi akamuuzia kiungo kidogo cha kuvalisha pini ili iingie katika tundu dogo.

Sasa pini iliingia. Redio ikanyamaza sebuleni. Wacera akasikia sauti ya mwalimu, lakini katika sikio la kushoto tu. Sikio la kulia lilikuwa kimya kabisa. Tena sauti ilikuwa hafifu na nzito, kama mtu anayesema akiwa amefunikwa blanketi. Akaongeza sauti mpaka kitufe kikagota. Hedifoni zilikuwa nzito, zikamkandamiza masikio. Alipozivua baada ya nusu saa, sikio la kushoto lililia kama lina nyuki ndani.

Mathenge alilala vizuri siku hizo. Aliamka akiwa na furaha.

"Umeona sasa?" alisema. "Zinafanya kazi!"

Wacera hakutaka kumvunja moyo. Alinyamaza siku nne. Siku ya tano Mathenge alimkuta ameinama juu ya daftari lenye mapengo mengi, hedifoni zikiwa kando.

"Zimeharibika?"

"Sijui. Labda ni mimi sijui kuzitumia." Akamweleza yote. "Nimemaliza pesa ya godoro, na bado sisikii."

Mathenge hakukasirika. "Twende kwa Ndwiga," alisema. "Ndiye hutengeneza redio ya kazini kwetu."

Ndwiga alikuwa fundi kutoka upande wa Embu. Alikuwa na kibanda karibu na uwanja wa michezo wa Ruring'u, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Walipomsalimu, aligeuza kichwa ili awasikie kwa sikio la kulia.

"Hili la kushoto lilikufa zamani," alieleza. "Nilikuwa mtu wa simu ya upepo katika kampuni ya kujenga barabara. Kutwa nzima hedifoni kichwani, sauti juu, kwa sababu ya kelele za matingatinga. Masikio yangu yalikuwa yakilia jioni. Mimi nikafikiri ni uchovu. Sikio halipigi kelele mara mbili, mwalimu. Likilia ukilipuuza, linanyamaza moja kwa moja."

Wacera aligusa sikio lake. "Langu limelia wiki nzima."

"Basi lipumzishe. Sasa nipe hicho kitu."

Ndwiga alizigeuza hedifoni mikononi, akaonyesha pini.

"Unaona hivi vipete viwili vyeusi? Maana yake hizi ni za stirio. Zinataka mashine inayotoa sauti mbili, moja ya kushoto na nyingine ya kulia. Redio yako inatoa sauti moja tu. Pini ya sauti moja iko na kipete kimoja. Ukiweka hii kwenye redio yako, sikio moja linakosa."

"Kumbe hazijaharibika!"

"Ni nzima kabisa. Na ni nzuri, kwa mtu aliye na mashine kubwa ya santuri. Lakini redio ya betri nne haina nguvu ya kuzisukuma. Ndiyo maana ukafungua sauti mpaka mwisho. Jambo lingine: hizi zimetengenezwa kupenda ngoma. Wewe unasikiliza nini?"

"Mwalimu anayesema."

"Basi unataka zinazopenda maneno. Walikujaribishia na redio yako?"

"Hapana. Na mashine yao."

Ndwiga alicheka. "Mtu hanunui kiatu kwa kupima mguu wa muuzaji. Beba redio yako mpaka dukani. Tafuta kituo ambacho mtu anasema, si nyimbo. Anza sauti ikiwa chini kabisa, upandishe polepole. Ukisikia kila neno kabla ya kufika nusu, hizo zinafaa. Kisha kaa nazo kichwani robo saa nzima, hata muuzaji akinuna. Zikikuuma dukani, nyumbani zitakuuma zaidi."

"Na nitajuaje kama zitadumu?" Mathenge aliuliza.

"Shika waya pale unapoingia kwenye pini, uupinde taratibu huku na huku ukisikiliza. Sauti ikikatika, hizo si za kununua. Waya hufia hapo. Pia uliza kama sifongo za masikioni zinabadilishwa, kwa sababu huchakaa kabla ya kitu kingine. Usiangalie mng'aro. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kisha akamgeukia Wacera. "Mtoto wenu hukaa wapi ukisoma?"

"Kwa jirani."

"Vizuri. Na jiko?"

Wacera aliona haya. Siku mbili zilizopita maharagwe yake yaliungua naye hakusikia sufuria.

"Zima jiko kwanza," Ndwiga alisema. "Mwenye hedifoni ni kiziwi kwa kila kitu kingine."

Hakuwatoza chochote. Alisema hakuna kilichotengenezwa.

Jumamosi Wacera alirudi dukani peke yake. Kwapani alibeba redio. Mkononi alikuwa na hedifoni ndani ya boksi lake, na risiti.

"Hatupokei vitu vilivyouzwa," Mutahi alisema kabla hajasalimiwa.

"Sijaja kudai pesa," Wacera alijibu. "Nataka kubadilisha. Hazina mkwaruzo, na risiti ni hii. Nilikuja kutafuta kitu cha redio ya betri, ukaniuzia kitu cha santuri."

"Lakini mwalimu, ulizipenda mwenyewe!"

"Nilizipenda kwa sababu sikujua. Wewe ulijua."

Mutahi alitazama chini. Mwenye duka, mama wa makamo aliyeitwa Warigia, alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Alikuja, akasoma risiti, akafungua boksi na kukagua.

"Mbadilishie," alisema. "Mwonyeshe zote tulizo nazo."

Wacera aliweka redio juu ya meza ya duka. Akatafuta kituo ambacho mtu alikuwa akisoma habari za bei ya kahawa. Hedifoni za kwanza zilikuwa na pini sahihi, lakini zilisikika kama mtu aliyeziba pua. Za pili zilikuwa na sauti safi. Akaupinda waya taratibu. Sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika. Akazivua.

"Mwalimu, umefunzwa na nani?" Mutahi aliuliza.

"Nipe zile za kijivu."

"Hizo? Hizo hakuna mtu hununua. Hazina umbo."

Zilikuwa nyepesi. Utepe wake wa kichwani ulikuwa wa chuma chembamba, na sifongo zake zilitoka zikarudi. Pini ilikuwa na kipete kimoja cheusi. Wacera alizivaa, akaanza na sauti chini kabisa. Kitufe hakikufika hata theluthi. Msomaji wa habari alisikika katika masikio yote mawili, neno kwa neno. Alisikia hata karatasi ikigeuzwa. Akapinda waya. Sauti haikutetereka. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Unangoja nini?" Mutahi aliuliza.

"Robo saa."

Wateja wawili waliingia wakatoka. Wacera aliendelea kukaa, redio mapajani. Robo saa ilipokwisha, hakusikia maumivu popote. Hedifoni hizo zilikuwa za bei ya chini kuliko zile nyeusi. Mama Warigia alimrudishia tofauti, akamwongezea sifongo za akiba.

Jumatatu, saa kumi na moja na robo, Wacera alizima jiko, akavaa hedifoni zake. Mwalimu wa redioni alitoa hesabu kwa Kiingereza. Wacera aliandika nambari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakubahatisha hata moja. Upande wa pili wa ukuta, Mathenge alikuwa akikoroma, lakini Wacera hakuwa na habari.

Kazi iliyofuata ilirudi na saba kwa kumi. Iliyofuata hiyo, tisa. Kiganja cha Mathenge kikapona, naye hakusinzia tena mbele ya tanuri. Kila baada ya somo Wacera alivua hedifoni na kukaa nje kidogo, akiyaacha masikio yapumzike. Ule mlio wa nyuki haukurudi.

Gicheru, mwalimu mwenzake wa darasa la tano, naye hakuwa na cheti. Alipoona hedifoni za kijivu alicheka. Alipoona alama za Wacera aliacha kucheka, akaomba apelekwe dukani. Wacera alikubali, ila alimwambia aje na redio yake mwenyewe.

Novemba walifanya mtihani wote wawili, mjini Nyeri. Januari Wacera aliandikwa tena kwa muda, na Februari majibu yakaja. Wote walikuwa wamefaulu.

Asubuhi moja baada ya majibu, mwalimu mkuu, Bwana Kahiga, alimwita Wacera ofisini. Juu ya meza palikuwa na orodha ya walimu wa shule. Kumbe miaka yote hiyo jina la Wacera lilikuwa limeandikwa kwa penseli, ili liwe rahisi kufutwa. Bwana Kahiga alifungua kalamu ya wino, akamsogezea.

"Andika mwenyewe," alisema.

Wacera aliandika jina lake polepole, akaupuliza wino ukakauka, kisha akaenda darasani.