Sauti ya Mwalimu Jikoni

Kifuniko cha sufuria kilianza kucheza chenyewe Jumanne mchana, jiko likiwa limezimwa. Kikagongagonga kana kwamba maji yanachemka, kikanyamaza. Mama Sindano, kama wateja walivyozoea kumwita, aliinua uso kutoka kwenye cherehani, akasonya. Panya hao, alijisemea, akaendelea kushona.

Alikuwa amechoka na mengi, na kubwa zaidi alikuwa amechoka na Mungu wake. Mwaka wa tatu sasa tangu mumewe, mwalimu wa kwaya ambaye sauti yake iliwafanya hata wavivu wawahi ibada, apigwe na kiharusi akabaki kitandani bila neno. Kidole kimoja tu ndicho kilichomtii. Akigonga ubao wa kitanda mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kila mchana mkewe alisali Baba Yetu kando yake, naye akagonga mara moja badala ya Amina. Mama Sindano alikuwa ameiombea sauti ile irudi, akafunga, akalia mpaka macho yakavimba. Kimya.

Jumatano kifuniko kilicheza tena. Safari hii ilikuja harufu ya nywele zilizoungua, na mtu akasema kutoka jikoni:

"Mke wangu, chai yangu iko wapi?"

Sindano ilimchoma kidole. Ilikuwa sauti ya Mwalimu, ile ile nzito yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Mwalimu mwenyewe alikuwa kitandani, kinywa kimefumbwa, macho yamemtoka.

"Wewe nani?" mkewe alinong'ona.

"Anayejibu. Yule mwingine umemwomba miaka mitatu. Niombe mimi mara moja, halafu usimwombe tena, na mumeo atakuita kwa kinywa chake."

Mama Sindano akarudi kwenye cherehani. Alhamisi wifi yake, dada wa Mwalimu, alikuja kumwona mgonjwa, akaisikia sauti hiyo ikirudia ahadi yake.

"Ni kaka yangu huyo," alinong'ona, akimng'ang'ania mkono. "Iombe, wifi. Mungu ataelewa. Utatubu Jumapili."

"Lile ni jini, wifi."

"Hata kama ni jini, si limejibu? Huyo wako amekujibu nini?"

Maneno hayo yalimuuma kwa kuwa alishayasema mwenyewe kimoyomoyo, mara nyingi tu. Ndipo sauti ikaanza kuimba wimbo alioimbiwa na Mwalimu siku ya harusi yao, taratibu, ikisogea kutoka jikoni hadi mlangoni pasipo mtu wa kuonekana, na harufu ile ikajaa chumbani mpaka ikawabana kooni, na pazia likanyanyuka ilhali madirisha yamefungwa, na Mama Sindano akajikuta amesimama, machozi yanamtiririka, kinywa kimefunguka, neno liko ulimini.

Ko, ko.

Aligeuka. Mwalimu alikuwa anagonga. Mara mbili. Tena mbili. Ngozi ya kidole ilikuwa imechubuka.

"Hutaki kuongea na mimi?" alimuuliza kwa uchungu.

Mbili.

"Kwa hiyo unataka?"

Moja.

"Kwa msaada wa huyu?"

Mbili, kwa nguvu, damu ikabaki kwenye ubao.

"Basi mmeniweza, nyinyi wawili!" aliwafokea mumewe na Mungu kwa pamoja. "Baba, nina hasira na wewe, nakwambia wazi. Lakini sikuachi." Akaukabili mlango wa jikoni. "Na wewe, kwa jina la Yesu, toka nyumbani kwangu!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Harufu ikaisha. Wifi alichukua mkoba wake, akasimama kizingitini.

"Sauti ya kaka yangu ulikuwa nayo mkononi," alisema. "Sitakusamehe."

Ijumaa mchana Mama Sindano alimfunga mumewe kidole kwa kitambaa, akasali Baba Yetu kwa sauti kavu ya mtu aliyenuna. Alipofika Amina, Mwalimu akagonga mara moja.

Jikoni, kifuniko cha sufuria kikagonga mara mbili.

Alitazama mlango wa jikoni, akamtazama mumewe, akatazama juu kwa jicho la lawama. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, akaanza upya.

"Baba yetu uliye mbinguni..."