Herufi Mbili za Mwanzo

Alhamisi, saa 10:15 alasiri. Mchikichini.

Chumba cha nyuma cha ghala la mitumba. Marobota mpaka darini. Joto la kuivisha yai. Shomari, mkubwa wa kundi, alichora kwa chaki sakafuni: duka, geti, ngazi, ofisi. Kisha akaweka bastola juu ya mchoro ili watu wasikilize.

"Kesho Ijumaa. Saa sita na nusu mzee Abdulhamid anafunga duka lake la kanga, anaenda msikitini na vijana wake wote. Saa saba na nusu anarudi. Hapo katikati ndio mchongo wetu."

Mchongo wenyewe haukuwa pesa. Ndani ya kompyuta ya ofisi ile kulikuwa na mitindo kumi na miwili ya kanga za Idi ambayo bado haijaenda kiwandani. Kariakoo, anayechapa wa kwanza ndiye anayeuza. Wa pili hubaki akilalia marobota. Mama mmoja tajiri, Candida, alikuwa akiisubiri mitindo hiyo Kigamboni, na Candida si mtu wa kupelekewa bidhaa feki. Aliyejaribu mara ya mwisho alitoka kwake amepungukiwa vidole viwili.

"Ndio maana tuna Mboni," alisema Shomari.

Mboni alikuwa fundi simu wa Mtaa wa Aggrey. Mama yake alifilisika hapo hapo Mchikichini kwa robota moja lililoandikwa mashati ya daraja la kwanza, kumbe ndani matambara. Tangu siku hiyo Mboni haamini maandishi ya juu. Faili likijiita picha, yeye hulipasua tumbo na kusoma herufi za mwanzo kabisa, zile ambazo mtu wa kawaida hazioni. Faili la mchora kanga huanza na 8BPS. Programu ya kompyuta huanza na MZ. Jina unaweza kubadilisha utakavyo, herufi hizo hazidanganyi. Alikuwa ametengeneza kikaguzi chake mwenyewe cha kuzisoma haraka.

"Data iwe imewashwa kwenye laptopu yako muda wote," Shomari aliongeza.

"Ya nini?"

Aliyejibu ni Ignasi, dereva wa bajaji. "Nikimwona mshua anarudi, nakuandikia humo."

Kwa Ignasi, Mboni hakuwa na swali la pili. Jumapili iliyopita alimletea flashi yenye kadi ya harusi yao: maua mekundu, *Ignasi na Mboni*, ukumbi Magomeni, Desemba, namba ya bwana harusi kwa ajili ya michango. Aliifungua pale pale, akalia kwa furaha, akaliacha faili kwenye laptopu, na skrini akaipamba kwa picha ya kadi. Kazi ya kesho ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo ndoa, na fremu ya duka yake mwenyewe. Hayo tu ndiyo aliyokuwa akiyataka duniani.

Ijumaa, saa 6:41 mchana. Kariakoo.

Shomari alisimama getini kwa sare ya mlinzi na funguo za kuchonga. Bajaji ya Ignasi ilikuwa uchochoroni.

"Dakika ishirini. Usizingue."

Mboni akapanda ngazi.

Saa 6:58.

Waya kutoka kompyuta ya mzee mpaka laptopu yake. Idi-01, idi-02, mpaka idi-12. Mafaili yote yakaingia. Kwa haraka, badala ya kukagua folda moja, akakiamuru kikaguzi kipitie kila faili lililokuwa kwenye skrini.

Kanga. Kanga. Kanga. Mara kumi na mbili, zote halali.

Mstari wa kumi na tatu: *KADI YETU. Linajiita: picha. Ni: programu.*

Alicheka. Kikaguzi kimekosea, alijisemea. Akalifungua faili kwa mkono wake, akasoma.

MZ.

Mganga hajigangi. Mwanamke huyu alikagua mafaili ya watu asiowajua hata kwa sura, la mchumba wake akalipokea kwa machozi. Akatazama kifurushi chake cha data: kilikuwa kinakwisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kadi ilikuwa inaichota folda ya Idi, inaipeleka kwa mtu. Mtindo wa kwanza ulikuwa umefika nusu.

Akakata data. Akashuka ngazi mbio. Geti lilikuwa limefungwa kwa nje kwa kufuli lile lile la mzee, na Shomari hakuwapo.

Saa 7:04.

"Mpenzi, uko wapi?" Mboni aliuliza kwenye simu.

"Nyuma ya duka, nakusubiri. Mbona mtandao umekata?"

Nyuma ya sauti ya Ignasi mtu alikuwa ananadi samaki. *Changu hao! Nani anaongeza?* Feri. Alikuwa ameshafika kwenye pantoni ya Kigamboni.

"Geti limefungwa, Ignasi."

"Shomari kaenda kununua maji. Tulia, mama. Washa data tu, nikuandikie."

Alisema *mama* kwa sauti ile ile ya Jumapili. Hiyo ndiyo iliyomuumiza Mboni kuliko kufuli. Alikaa kwenye ngazi akalia dakika nzima, na dakika alikuwa hana.

Kisha akapanda juu. Akafuta mitindo yote kwenye laptopu yake. Akachukua picha ya kadi iliyopamba skrini, akainakili mara kumi na mbili kwenye folda ile ile ya Idi, akaipa kila nakala jina: idi-01, idi-02, mpaka idi-12.

Akawasha data.

Saa 7:33.

Mzee Abdulhamid alimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu kwa mazoea, ndipo akapiga kelele za mwizi.

Saa 8:20. Kigamboni.

Mafaili kumi na mawili, majina safi. Hakuna aliyeyakagua, maana mkaguzi walimfungia dukani. Mchoraji wa Candida alifungua la kwanza: maua mekundu. La pili: maua mekundu. La tatu Candida alilifungua mwenyewe, akasoma jina la bwana harusi kwa sauti.

Shomari alichomoa bastola. Watu wa Candida walikuwa nazo tatu. Ignasi peke yake ndiye aliyefika kwenye pantoni, akichechemea, suruali imelowa damu, na wananchi wakamkabidhi kwa polisi.

Saa 11:10 jioni. Kituo cha polisi.

Afande aliigeuza laptopu ikamtazama Mboni.

"Yule wa chumba cha pili anasema hakujui. Hajawahi hata kukuona. Sasa mbona mna kadi ya harusi humu?"

Mboni aliitazama kadi. Desemba ilikuwa bado imeandikwa pale.

"Inajiita kadi, afande," alisema. "Sikuikagua."