Sahihi ya Prime Ambayo Hakuipokea

Nina miaka arobaini na moja, ni mhasibu hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, na kuna mwanamke ambaye nikimwona sokoni napita njia nyingine. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kabla ya kunilaani!

Nilikuwa nikifanya kazi kwa mfanyabiashara wa mbao zinazotoka Mambasa. Kila Desemba wafanyakazi walipewa prime, yaani zawadi ya mwisho wa mwaka juu ya mshahara. Kwetu mtu alitia sahihi kwanza, ndipo akapanga foleni dirishani kupokea pesa. Hakuna aliyeshangaa, ndivyo tulivyozoea.

Sheria niliijua. Prime huondolewa kwenye faida inayotozwa kodi ikiwa tu mfanyakazi ameipokea kweli. Mwaka ule patron, yaani tajiri wetu, hakuwa na pesa, lakini alitaka kodi ipungue. Akaniagiza wote watie sahihi, eti watalipwa Januari. Nilijua ni uongo... nikaipitisha karatasi! Kwa nini? Niliogopa kufukuzwa, basi.

Januari ikapita, hakuna kitu. Papa Dieudonné, mpakiaji wetu wa mbao, alitegemea prime ile kulipia watoto shule. Akanijia mimi mhasibu: "Mama comptable, prime yetu iko wapi?" Nikamjibu kwamba kwenye karatasi ameshaipokea. Juma lililofuata akaenda kuchimba dhahabu ili apate pesa ya shule. Shimo likamporomokea... wakamtoa maiti!

Mkaguzi wa kodi alipokuja, alitaka kuhakiki sahihi zile. Kwa ile ya marehemu, aliitwa mjane wake, Mama Neema. Akaitambua mara moja.

"Ni mukono yake," akasema, kisha akanigeukia. "Kumbe alipokea? Na siye tulilala na njaa?"

Patron alinikazia macho. Nikasema ndiyo, alipokea.

Mungu wangu! Mama yule, aliyekuwa bado akimlilia mumewe, aliacha kulia palepale. Akarudi nyumbani, akawaambia watoto kwamba baba yao alikula pesa na mwanamke mwingine. Kodi ikapungua, patron akafurahi. Mimi usingizi ukanikimbia. Hadi leo nikimpa mtu karatasi atie sahihi, namwona Papa Dieudonné amesimama dirishani, anangoja.

Mwishowe nilishindwa. Niliacha kazi, nikaenda kumweleza Mama Neema ukweli wote. Hakunipiga.

"Batoto iko mu nyumba," akasema. "Ubaambie weye mwenyewe."

Nikawaambia. Binti mdogo akauliza: "Kumbe papa hakutudanganya?" Nikamjibu hapana, hakuwadanganya, niliyedanganya ni mimi.

Ndugu mnaoshika vitabu vya hesabu vya wengine, nawasihi, pesa iingie mkononi mwa mtu kwanza, kalamu baadaye! Nanyi mnaotia sahihi kwa mazoea tu, kataeni! Mama Neema ameanza kumlilia mumewe upya, tangu mwanzo, kwa sababu kile kilio cha kwanza nilimwibia.