Huzuni Inayoishia kwa K

Biyun alishika upande mmoja wa kamusi kuukuu, mwanamume wa suti ya kijivu akang'ang'ania upande wa pili, na wauza vitabu wa soko la Quanzhou, kusini mwa China, wakageuka kutazama.

"Mchonga mawe anataka kamusi ya nini?" mwanamume aliuliza, akiangalia vumbi jeupe kwenye aproni ya Biyun.

"Kuchongea makaburi ya wenye kiburi kama wewe."

Mwanamume huyo aliitwa Jingzhou, mwalimu wa lugha kutoka Jinan, kaskazini. Walihamia kwenye kibanda cha uji wa tambi huku wakigombana. Biyun alimwonyesha herufi ya Kichina ya neno huzuni.

"Sehemu ya juu ni shoka," alisema Jingzhou.

"Zamani hiyo. Sasa tunasoma ndugu. Ndugu juu, moyo chini. Ukifiwa utaelewa."

Miezi mitatu baadaye Jingzhou alikuwa akimwita "kipenzi changu cha vumbi."

Ndipo yakaja mashindano ya kughani mashairi. Jingzhou alikuwa hakimu. Biyun, ndani ya gauni jekundu, alisoma shairi ambalo marehemu baba yake alilitunga mkewe, mama wa Biyun, alipofariki. Alipofika kwenye neno la huzuni akalitamka kama baba yake: "chik."

Jingzhou akagonga kengele. "Ni chi, bibie. Hiyo k umeiokota wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi yake, mstari wa mbele, alijifunika uso. Biyun akashuka bila kumaliza.

Jioni simu ililia.

"Kipenzi, ulitaka nikupendelee mbele za watu?"

"Umemfanya baba yangu mjinga mbele ya dada yake!"

"Lakini herufi inasomwa chi."

"Huko kwenu! Usinipigie tena."

Kwa hasira Jingzhou akafungua kamusi ile ya sokoni, apige picha ya ukurasa amtumie, amkomeshe. Akakuta herufi ile imepangwa pamoja na maneno ambayo watu wa kale waliyamalizia kwa k. Watu wa kusini walikuwa wameitunza sauti hiyo. Watu wa kwao kaskazini ndio walioidondosha. Akasoma tena nakala ya shairi aliyopewa kama hakimu: bila k, vina vyote vilivunjika. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake alimkuta Biyun karakanani.

"Nimekosea, Biyun."

"Unaniambia mimi peke yangu? Waliocheka walikuwa watu mia mbili."

Hakupunguza hata pigo moja la nyundo mpaka Jingzhou alipoondoka.

Siku ya fainali Jingzhou alisimama mbele ya ukumbi uleule. "Baba wa Biyun alilitamka neno sawasawa. Mimi ndiye sikujua."

"Hakimu gani wewe!" mtu akapaza sauti. "Shuka!"

Akashuka, akaketi miongoni mwao. Shangazi akamsukuma Biyun. "Nenda umalizie shairi la kaka yangu."

Biyun alisoma lote, macho makavu yakimkazia Jingzhou. Kwenye "chik" shangazi alilia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nje, Jingzhou aliwafuata. "Nataka kukuoa."

"Litamke kwanza."

"Chiki."

"Vibaya."

"Chi... kii."

"Ulimi wa ubao huu!" shangazi akaguna.

"Bado nina hasira nawe," alisema Biyun.

"Mpaka lini, kipenzi?"

"Sijui. Kesho njoo ule kwetu. Ila ukae mbali nami."