Sifuri za Lohith

Lohith alimmwagia Vasudha mchuzi wa sambari kwenye kurta yake ya njano, saa mbili asubuhi, katika mgahawa wa kula kwa kusimama, mtaani Jayanagar. Alipoinama kumfuta, akammwagia tena.

"Kaka, una ugomvi na hii nguo?"

"Samahani, dada. Nakula kwa pupa. Wiki ijayo naenda kulazwa siku sitini kwenye jaribio, kichwa chini miguu juu, kwa ajili ya wanaanga."

Vasudha alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mikanda ya mapajani ambayo Lohith angefungwa, ya kuzuia damu isimjae kichwani, alikuwa ameitengeneza Vasudha mwenyewe, kwa miaka minne.

Kanuni ya jaribio ilimkataza mtengenezaji kukanyaga wodini. Haikutaja simu. Basi wakapendana kwa simu, Vasudha akizunguka maabara kutwa kama aliyekalia siafu.

"Uso umevimba?"

"Kama puri iliyofura mafutani. Ukiniona utatoka mbio."

"Na mikanda?"

"Mitamu, mpenzi. Inanikumbatia kwa niaba yako."

Siku ya arobaini, kikao cha kuamua kama mikanda itapanda chombo cha angani kikiwa kimekaribia, Vasudha alisoma fomu za maumivu. Washiriki wenye mikanda ya zamani, iliyolegea, walisema mbili, tatu kwa kumi. Lohith, mwenye mipya inayobana zaidi: sifuri, kila siku. Akampigia.

"Mapaja yako yana rangi gani?"

"Zambarau. Kidogo."

"Na sista unamwambia sifuri?"

"Nikisema inauma si wataikataa, Vasu? Nilitaka ushinde."

"Kuna mtu ataivaa huko juu miezi sita, bwana wewe. Akikatwa mguu nimwambie nini, kwamba nilipendwa? Usinipigie mpaka useme kweli."

Siku mbili simu haikulia. Vasudha hakula, hakukaa, alitafuna ncha ya mtandio wake. Siku ya tatu ikaja fomu ya Lohith: *Saba. Ganzi mguu wa kushoto. Mikanda imefunguliwa.* Safari ya chombo ikawa imeipita mikanda yake. Akaketi, machozi yakamtoka. Chini, kwa mwandiko wa sista, aliyeamriwa kuandika kila neno la mshiriki, palikuwa na mstari mwingine: *Anasema pia anataka kumuoa aliyeitengeneza.*

Akapiga.

"Fomu hiyo inasomwa na watu kumi na mmoja, mwendawazimu wewe."

"Mashahidi wametosha, basi. Unasemaje?"

"Mikanda imerudi maabara kwa mwaka mzima. Nitakuwa na hasira kila siku."

"Nimekuuliza kitu, Vasu."

Alipangusa pua kwa mtandio.

"Ndiyo. Mwambie sista aandike."