Mapakacha Sita ya Lungalunga

Soko la Ukunda lilikuwa limefurika asubuhi ile ya mwaka 1999 Fondo alipomkanyaga Kache mguu, na badala ya kuomba radhi akainama kunusa matofaa yake. Kache, aliyejifunga leso ya manjano na kupaka wanja, alimwuliza kama amekuja kununua au kupumua tu.

"Nanunulia hoteli," Fondo alisema akicheka. "Ila kwa ulimi huu, dada, nitakuja hata siku hoteli haina mgeni."

Akaja kweli, na shati lake jeupe la hoteli lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Kufikia mvua za vuli walikuwa wakiitana mpenzi, na Kache alikuwa akipanga foleni kwenye simu ya posta ili aambiwe tu kwamba amekumbukwa.

Tofaa la Msambweni lilikuwa na heshima zake. Chama cha wakulima, ambacho Kache alikuwa mwanachama wake, kiliruhusu jina hilo kwa tunda la huko peke yake, na kila pakacha lilifungwa kwa kitawi cha mti uliozaa, wazee wapate kukagua majani. Hoteli ilipoagiza mapakacha ishirini kwa ajili ya harusi, Kache alipungukiwa na sita. Akaagiza ya shangazi yake wa Lungalunga, akamnong'oneza Fondo peke yake. Yalifika alfajiri yakiwa yamefungwa tayari, yakapakiwa vivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo wazee walikagua hotelini, na chama kikamsimamisha Kache. Hakuuliza ni nani aliyesema. Nani mwingine aliijua siri ile? Hasira zake hazikuwa za kulia, zilikuwa za kukaa kitako na kalamu. Alimwandikia meneja na kutia sahihi: mapakacha sita yalitoka Lungalunga, na Fondo aliyapokea akijua. Fondo alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Habari zilipomfikia, Kache alikula wali wa nazi sahani mbili, na ulikuwa mtamu.

Siku ya tisa baada ya Fondo kufukuzwa, Kache aliitwa na Mzee Suleiman, mwenyekiti wa chama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shangazi yako ni mtu mwaminifu, Kache. Alifunga mapakacha yake kwa vitawi vya miti yake mwenyewe, kama desturi. Tuliona majani mapana kuliko ya Msambweni, tukashuku. Lakini yule kijana wa hoteli alikuja akaapa kwamba vitawi vyako vilikatika, akafungia vya bustani ya hoteli. Tulikuwa tukurudishe Ijumaa. Kisha meneja akatuletea barua yako."

Kache alimkuta Fondo nje ya chumba chake Ukunda, akikunja lile shati jeupe alirudishe. Alimwuliza kwa nini hakumwambia kwamba amemtetea.

"Nilitaka uje uambiwe na wazee, ufurahi."

"Basi lipiza," Kache alisema huku machozi yakimtoka. "Nifanyie lolote, tulingane."

"Siku tisa nimetafuta pa kukuumiza. Kumbe umejiumiza mwenyewe, hukuniachia hata mahali. Mimi nilisema uongo mbele ya wazee kwa kukupenda, Kache. Wewe ukasema kweli ili uniangamize."

Kache alimwomba amchukue hivyo hivyo, bila chama, bila jina. Fondo alimtazama. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Aliingia ndani akafunga mlango, akasimama nyuma yake akizisikiliza hatua za Kache mpaka zikaisha.