Daftari la Meshaki na Mke wa Ruhembe

“Debora, umekaa au umesimama?”

“Nimekaa, niko kwenye cherehani. Kwani vipi?”

“Basi shikilia hiyo cherehani vizuri. Mchumba wako ana mke.”

Mguu wa Debora, fundi wa nguo pale Kilosa, uliganda kwenye pedali. Simu ilikuwa ya Brightness, mtoto wa shangazi yake, mwenye banda la chipsi kule Mikumi. Brightness ni mtu ambaye habari ikimfikia ya moto haijawahi kupoa mikononi mwake. Ataigawa hivyo hivyo, inafuka moshi.

“Mke gani tena asubuhi hii? Kesho Jumapili tunatangazwa kanisani mara ya tatu, ya mwisho, wewe unaniletea mke?”

“Simleti mimi, kaletwa na daftari! Jana Meshaki kala chipsi mayai hapa kwangu, kaondoka kasahau daftari lake la Kiingereza. Nikasema ngoja nichungulie, nione kama hiyo ada anayolipa inaingia kichwani. Dada, bora nisingechungulia. Fungua WhatsApp.”

Zikaingia picha tatu.

Ya kwanza ilikuwa jalada: MESHAKI NTUTU, INTERMEDIATE ENGLISH. Ya pili ilikuwa ukurasa wenye kichwa PAST TENSES, PRACTICE. Na mwandiko ulikuwa wa Meshaki mwenyewe, hauna ubishi, herufi ndefu nyembamba zilizosimama wima kama yeye.

“I married Agnesi in 2017. We had two children at Ruhembe. Last year I met a beautiful girl and I told her that I was single.”

Debora alipata C ya Kiingereza kidato cha nne. Haikumpeleka popote ile C, ila leo ilimtosha kabisa kuelewa kwamba ameumia. Alioa. Watoto wawili. Akakutana na msichana mzuri, akamwambia yuko peke yake.

“Umesoma?” Brightness alikuwa bado hewani.

“Nimesoma.”

“Mimi nimeambulia maneno mawili tu, married na children, nikasema yametosha, picha nyingine nikapiga bila kusoma. Pole, dada. Wanaume! Ndiyo maana mimi namshukuru Mungu kwa Gerald wangu na lori lake. Mwaka mzima, hata simu yake sijawahi kuikagua.”

Debora alikata simu, akafungua picha ya tatu. Hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuzunguka kama bobini.

“When I was nine years old, a cow hit me with its horn. Since that day I have feared cows.”

Akarudia. Akarudia tena. Ng'ombe alimpiga pembe akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo anaogopa ng'ombe. Meshaki? Meshaki Ntutu, Mmasai wa kuzaliwa zizini, ambaye akikuta ng'ombe wa watu barabarani anashuka kwenye bodaboda kwenda kuwasalimia? Huyo ndiye anaogopa ng'ombe?

Akampigia.

“Haloo mama,” Meshaki aliitika kwa furaha. Nyuma yake zilisikika sahani, maana anafanya kazi ya uhudumu kwenye loji moja Mikumi, na Kiingereza anakisomea ili apande awe muongoza watalii.

“Meshaki, umeshawahi kuoa?”

“Kuoa? Nioe lini, na wewe hujamaliza kushona gauni?”

“Usinichekeshe. Agnesi ni nani?”

Sahani zikanyamaza.

“Hilo jina umelipata wapi?”

Hapo, msomaji, kama umewahi kupenda unajua. Mtu asiye na kosa huuliza “Agnesi yupi?” Mwenye lake huuliza umelipata wapi. Debora akakata simu.

Dakika mbili hazikupita, ujumbe ukaingia: “Lile ni zoezi la darasani. Sio maisha yangu. Zaidi ya hapo siwezi kusema, nimekula kiapo. Njoo Mikumi, darasa linaanza saa tisa. Nakupenda.”

Zoezi? Zoezi gani la kuzaa watoto wawili? Na kiapo cha nini, darasa la Kiingereza au kwa mganga?

“Unaongea na nani peke yako?”

Alikuwa baba yake, Mzee Melkizedek, kasimama mlangoni na jembe begani. Debora alijaribu kuficha simu. Lakini uso utauficha wapi? Akamweleza yote.

Mzee aliweka jembe chini taratibu sana, na hiyo taratibu ndiyo iliyomtisha Debora. Huyu mzee alikataa posa ya Meshaki miezi minane. Sababu yake ilikuwa ng'ombe, tena wala si wa kina Meshaki, waliokula ekari mbili za mahindi yake. Alipokubali, alikubali kwa sharti moja tu: “Siku nikisikia doa, hata dogo, hakuna ndoa, na msinirudie hapa na wazee.”

“Hili sio doa,” alisema sasa. “Hili ni shuka zima limelowa.”

“Baba, kuna kitu hakieleweki. Humu anasema anaogopa ng'ombe.”

“Mtu anayeficha mke na watoto wawili, atashindwa kuficha uoga?”

Akatoa simu yake ya tochi, akampigia mchungaji. Debora alisikia upande mmoja tu.

“Bwana asifiwe, Mchungaji. Ni kuhusu tangazo la kesho. Nina pingamizi... Ndiyo, mimi mwenyewe baba wa binti... Sawa. Kabla ya jioni nakupa neno la mwisho.”

“Baba, twende kwanza Mikumi. Tumuulize machoni.”

“Tutakwenda. Lakini akijiumauma mbele yangu, napiga simu hapo hapo.”

Saa tisa kasoro walikuwa Mikumi. Brightness aliwapokea barabarani, aproni bado kiunoni, daftari kwapani kama wakili.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hilo ndilo lenyewe?”

“Ndilo. Ushahidi kamili.”

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa moja. Wanafunzi kumi na watatu: wahudumu wa hoteli, wauza vinyago, madereva wanaotaka kuhamia magari ya watalii. Wamekaa wawili wawili kwenye madawati. Meshaki alikuwa mstari wa mbele, na nusu ya pili ya dawati lake ilikuwa tupu.

Alisimama haraka. “Shikamoo mzee.”

Mzee Melkizedek hakuitikia. Darasa zima likabana pumzi. Kwa watu wa huku, shikamoo isiyoitikiwa ni kofi.

“Karibuni,” alisema Mwalimu Lupakisyo, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. “Mmekuja kujiandikisha?”

“Tumekuja kuulizia ndoa,” alijibu mzee. “Huyu kijana kaandika kwa mkono wake ana mke Ruhembe. Ndivyo unavyowafundisha?”

Mwalimu alichukua daftari, akasoma mistari miwili, akavua miwani.

“Mzee wangu, hapa hakuna mwanafunzi anayeandika maisha yake. Mwanzoni niliwaacha waandike ya kwao, wakawa wanadanganya. Kila mtu kasoma sana, kila mtu baba yake tajiri, na sentensi zenyewe zile zile. Nikabadilisha. Sasa wanakaa wawili wawili. Huyu anasimulia yaliyompata, mwenzake anayaandika kama ndiye yaliyomkuta. Wanajifunza kusikiliza na kuandika kwa pamoja.”

“Kwa hiyo...” Debora alihisi ubongo unachelewa basi. “Kwa hiyo haya aliyoandika Meshaki ni maisha ya mtu mwingine?”

“Ya mwenzake wa dawati.”

“Nani?”

Mwalimu akamtazama Meshaki. Meshaki akatazama ubao.

“Tulikubaliana humu,” alisema Meshaki. “Ya kwenye dawati hayatoki nje. Ndiyo maana watu wanasema kweli.”

“Meshaki!” Debora alimkaribia. “Baba anampigia mchungaji jioni hii. Ndoa inavunjika. Taja jina tu, yaishe!”

“Siwezi.”

“Huwezi au huna?”

“Debora, ningekuwa naweza ningekwambia asubuhi.”

“Hana!” Brightness alidaka. “Mjomba, si unaona? Mtu mzima anaambiwa ataje jina moja tu, anatoa macho. Huu mchezo wa dawati wamepangana.”

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu. Debora alimtazama Meshaki. Jasho lilikuwa linamtoka, lakini mdomo umefungwa. Anamlinda nani mpaka akubali kumpoteza yeye? Hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba mwongo angeshataja jina lolote lile, tena zamani.

“Baba, subiri. Brightness, soma ukurasa wa pili.”

“Mimi? Kiingereza changu unakijua...”

“Soma tu. Mwalimu atatafsiri.”

Brightness alikohoa, akaanza kwa mbwembwe, akikanyaga maneno kama anayevuka tope. “When I was nine years old, a cow...”

“Nilipokuwa na miaka tisa, ng'ombe alinipiga pembe,” mwalimu alitafsiri. “Tangu siku hiyo nawaogopa ng'ombe.”

Darasa likacheka. Mmasai na ng'ombe! Hata Mzee Melkizedek alishusha simu kidogo.

Brightness peke yake hakucheka. Alikuwa bado analitazama daftari.

“Debora,” alisema kwa sauti ndogo ambayo Debora hakuwahi kuisikia kwake. “Gerald, wiki iliyopita... tulikutana na ng'ombe njiani. Alipanda juu ya lori. Akaniambia anaangalia kama miwa imefungwa vizuri.”

Macho ya darasa zima yakahamia kwenye nusu ya dawati iliyokuwa tupu.

“Gerald si anasoma hapa?” Debora aliuliza.

“Leo kaniambia yuko Kidodi, anapakia miwa.” Brightness alikwishatoa simu. Akabonyeza, akaweka spika.

“Baby!” sauti ya Gerald ilijaza ukumbi. “Nimekumiss mpaka...”

“Gerald, nina swali dogo. Ng'ombe alikupiga pembe ukiwa na miaka mingapi?”

“Tisa. Nani kakwambia?”

“Na Agnesi ulimuoa ukiwa na miaka mingapi?”

Gerald akapaza sauti: “Haloo? Haloo? Mtandao wa huku... haloo?”

“Mtandao uko vizuri, Gerald, nakusikia unavyohema.”

Simu ikakatika.

Brightness alikaa kwenye ile nafasi tupu, ya Gerald mwenyewe, bila kujua kakaa wapi. Hakulia papo hapo. Alikunja aproni, akaikunjua, akaikunja.

“Ulijua,” alimwambia Meshaki.

“Tangu Jumanne. Nilimwambia akwambie mwenyewe kabla ya kesho, asipokwambia nakwambia mimi, kiapo au si kiapo. Nisamehe, dada Brightness.”

“Siku nne nimemkaangia chipsi bure, wewe unajua.”

“Nisamehe.”

“Nitakusamehe siku nyingine. Leo sina nafasi.” Hapo ndipo machozi yakaja. Debora akainama akamkumbatia.

Baadaye Brightness alijifuta kwa aproni. “Hili daftari nalichukua. Jumatatu naenda Ruhembe. Sio kugombana. Na huyo Agnesi naye ana haki ya kusoma.”

Akalibana tena kwapani.

Debora akamgeukia Meshaki. Alitaka kuomba radhi. Alitaka pia kumpiga kibao kwa kumzungusha kichwa siku nzima. Vyote viwili vilimjia pamoja, vikabanana mlangoni.

“Nilikukatia simu.”

“Ulinikatia.”

“Samahani. Lakini na wewe, mtu anauliza Agnesi, unajibu umelipata wapi!”

“Niliogopa umeshamwambia Brightness.”

“Kama maisha ya Gerald yako kwako, ya kwako yako wapi?”

Meshaki aliangalia chini. “Hayana maana. Ni zoezi tu.”

Mwalimu Lupakisyo, ambaye nadhani hakuwahi kupata siku tamu kama hiyo tangu aanze kufundisha vitenzi, alikuwa tayari kafungua kabati. Akatoa daftari la Gerald, chafu, lina doa la grisi.

“Mwalimu, tulikubaliana ya dawati...”

“Ya kwako ni ya kwako, Meshaki. Ukikataa nalirudisha.”

Meshaki alimtazama Debora, kisha Mzee Melkizedek, kisha dari.

“Soma,” alisema.

Mwalimu akasoma, akitafsiri moja kwa moja ili mzee asikose hata tone:

“‘Mwaka juzi nilipeleka suruali kwa fundi mmoja Kilosa. Ilikuwa imechanika goti. Nilikuwa napita tu. Alipokuwa anashona alikuwa anaimba vibaya sana, nikapenda kubaki. Wiki iliyofuata nilichana goti mwenyewe kwa wembe, nikarudi. Nilikuwa nimepanga kumwambia kitu, nilipofika nikasema tu: goti limeachia tena. Nilichana suruali hiyo mara nne.’”

Darasa likapiga makofi. Meshaki alitamani sakafu ipasuke.

“Uongo,” alisema Debora.

Makofi yakakatika.

“Debora, naapa...”

“Ulichana mara tatu. Mara ya nne iliachia yenyewe.” Alikuwa anatazama vidole vyake. “Nilikuwa nimeishona kwa uzi uliooza. Makusudi.”

“Debora!” Mzee Melkizedek aliruka kama kachomwa. “Kazi ya wateja? Ndivyo nilivyokulea?”

“Nisamehe, baba.”

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama kijana, akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

“Marahaba,” akamwambia Meshaki.

Kisha akainua simu yake ya tochi, akaisogeza mbali na uso ili aone namba vizuri.

“Mchungaji? Ni mimi. Lile pingamizi nimeliondoa... Ndiyo, limepata mwenyewe... Watangaze hiyo hiyo kesho, tena kwa sauti, na tarehe ya ndoa uivute karibu ukiweza. Wakichelewa, huyu kijana atabaki bila suruali.”